Naomba ushauri: roboti 12, msimamizi mmoja, kazi zinagongana

Wakuu, habari zenu. Nasimamia zamu ya usiku ghalani, roboti 12 za kubeba makasha.

Mwanzoni nilikuwa nagawa kazi kirahisi tu: iliyo karibu na mzigo ndiyo inakwenda. Mpaka usiku mmoja mbili zikakutana uso kwa uso kwenye ujia mwembamba, kila moja inasubiri nyingine ipishe. Nyuma yake zikajipanga tatu zaidi. Nilizirudisha kinyumenyume kwa rimoti, moja baada ya nyingine, huku arifa zinalia kwenye skrini.

Sasa natumia mnada: kila roboti inataja gharama yake, yaani umbali na chaji iliyobaki, na ya bei ndogo inachukua kazi. Nimeipenda, ila mizigo ya kona za mbali inakosa mnunuzi. Nikajaribu pia ile kanuni ya Kihungari (Hungarian method) aliyoichapisha mwanahisabati Harold Kuhn mwaka 1955, inayotafuta mgawanyo wa gharama ndogo kuliko yote. Tatizo langu kazi zinaingia muda wote, hesabu inarudiwa, na roboti zinageuka njiani kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.

Mliopitia haya: roboti ikishaanza safari, mnaifungia kazi hiyo au mnaruhusu kubadilisha? Njia za upande mmoja zinasaidia, au zinarefusha safari tu? Na arifa mnazichujaje? Nataka niitwe pale tu roboti imekwama kweli, siyo kila inapopunguza mwendo.

(Suala la zote kuishiwa chaji kwa pamoja nitalileta siku nyingine, lina machungu yake.)