Tupeane uzoefu: kuwachangia watoto wenye usonji na wazazi wao hapa Tanga

Mwenye mada, Chumbageni
Habari zenu wanajamvi. Kila inapokaribia tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya uelewa wa usonji (autism kwa Kiingereza) inayoadhimishwa tangu mwaka 2008, huanza mipango ya matembezi ya hisani, fulana na mgeni rasmi. Safari hii kikundi chetu kimeombwa kuchangisha. Kabla hatujaandika barua yoyote, ningependa kuwasikia waliowahi kuchanga, kuchangisha au kuchangiwa: fedha zilikwenda wapi, na siku ile ilipopita kulibaki nini? Tafadhali tusitaje majina ya watoto wala ya shule.

Mama, Makorora
Nashukuru kwa kutuuliza na sisi tuliochangiwa. Mwanangu ana miaka saba na haongei. Usonji hauna dawa ya kuumaliza. Kinachomsaidia ni mazoezi ya mawasiliano na ya shughuli za kila siku, kama kushika kijiko, kuvaa shati, na kuonyesha kwa kidole anachokitaka badala ya kujigonga kichwa ukutani. Mazoezi hayo hayadai fedha nyingi kwa mkupuo, bali yanadai nauli kila wiki na mama ambaye biashara yake haijafa. Mimi huuza vitumbua. Siku ya mazoezi siuzi, na mtoto akiamka vibaya siuzi pia. Daladala hatuwezi kupanda, kwani muziki na makelele ya konda humfanya ajikunje chini ya kiti huku ameziba masikio, na abiria husema hakufunzwa adabu. Kwa hiyo ni bajaji, kwenda na kurudi.

Tuliwahi kuletewa magodoro na mchele, tukashukuru kwa dhati, lakini wiki iliyofuata nauli haikuwapo. Kilichonifaa hasa ni wenzangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambao waliamua kwamba sehemu ya mfuko wa jamii wa kikundi itumike kumlipa dereva wa bajaji moja kwa moja, na mmoja wao hukaa na mtoto ninapokwenda sokoni Mgandini.

Mweka hazina wa kamati, Ngamiani
Sisi tuliandaa chakula cha hisani. Ahadi zilitangazwa kwa kipaza sauti, zikapigiwa makofi, na wengi wa walioahidi hawakupokea simu tena. Ukumbi, matarumbeta na fulana vililipwa kwanza, kwa fedha taslimu, na watoto wakasubiri ahadi. Siku hizi siiandiki ahadi kama mapato. Namba ya kupokelea michango iwe ya kikundi, isiwe ya mtu binafsi, na hesabu zibandikwe mahali ambapo hata asiyechanga atazisoma.

Mwalimu wa elimu maalumu, Muheza
Naongezea kuhusu hayo matarumbeta. Katika matembezi niliyohudhuria, watoto walipangwa mbele kabisa, nyuma tu ya gari la vipaza sauti, na mmoja alilala kifudifudi juu ya lami, hataki kuinuka, huku watu wakimpiga picha. Hao ndio tuliosema tunatembea kwa ajili yao! Mtoto asiyevumilia kelele abaki nyumbani, na picha yake isisambazwe bila ridhaa ya mzazi. Darasani kwangu, mchango mdogo uliotumika kuchapisha kadi za picha za ratiba ya siku (kunawa, kula, kucheza, kwenda nyumbani) umedumu kuliko misaada mingi mikubwa.

Baba, Pongwe
Kwetu ukoo ulikuwa tayari kumchangia mganga mbuzi, kwa madai kwamba mtoto amechezewa. Daktari aliwaeleza wazee kwamba usonji ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema, ambayo kurithi kuna nafasi kubwa ndani yake, na kwamba hautokani na laana wala malezi ya mama. Mbuzi aliuzwa, fedha zikawa nauli. Kuhusu ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kumbukeni kwamba ni mkopo: hauna riba, lakini hurejeshwa.

Mwenye mada, Chumbageni
Ahsanteni sana. Fulana nitazipinga kwenye kikao. Mama wa Makorora, je, mzazi hatajisikia kudharauliwa tukimlipa dereva badala ya kumpa yeye fedha mkononi?

Mama, Makorora
Kwa nauli hakuna ubaya. Ila fedha ya mtu wa kukaa na mtoto mpeni mama mwenyewe amchague huyo mtu, kwa sababu wangu hakubali kulishwa na kila anayekuja.