Mafundi wa Vespa, nani kawaambia silinda iliyotoka kuchongwa inajaribiwa kwa kuvuta mafuta mwisho?

Wakuu, nimekasirika na sitazunguka.

Nina Vespa PX 150. Ilikuwa imechoka, inatoa moshi, ukipakia mtu haivuti. Fundi mmoja hapa mjini Unguja, jina lake nalihifadhi, akashauri tuifungue yote. Sawa. Silinda ikapelekwa kuchongwa, yaani kupanuliwa tundu lake, ikatoka milimita 57.8 za kiwandani ikaenda 58.0. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi za kranki, sili zote. Hela nimetoa kama alivyotaka, sikuomba nipunguziwe hata shilingi. Nikamwambia jambo moja tu: ukimaliza iwashe, uone inawaka, uizime. Kuizoesha, yaani kuitembeza taratibu mwanzoni mpaka vipuri vipya vikae, nitaizoesha mwenyewe. Akanijibu, "Usiwe na wasiwasi kaka, hizi ndiyo kazi zetu."

Nakwenda kuichukua, haipo. Kapanda na kijana wake, wamepakiana, wameitoa barabara ya Bububu "kuifungua pumzi". Imerudi inasukumwa.

Eti imeshika kidogo tu, yaani pistoni imebana ndani ya silinda, ngoja ipoe. Ilipopoa ikawaka kweli, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwambia zima, fungua hed, toa silinda sasa hivi mbele yangu.

Tulichokikuta ni hiki. Pistoni ina mikwaruzo ya wima sehemu nne, pembe zote nne, kuanzia chini ya ringi mpaka kwenye sketi, sehemu yake ya chini. Ringi ya juu imebanwa ndani ya mfereji wake, ukiisukuma kwa ukucha haisogei, kwa sababu alumini ya pistoni imeyeyuka ikaifunika. Ndani ya silinda, ile michoro ya kukatizana aliyoiacha mchongaji, ambayo ndiyo inashika oili, imefutika upande wa ekzosi, na alumini imegandia juu ya chuma. Hiyo ndiyo "imeshika kidogo".

Mikwaruzo ya pembe nne ina maana yake, na fundi wa Vespa anatakiwa aijue kuliko mimi. Pistoni ni alumini, silinda ni chuma. Alumini inatanuka haraka kuliko chuma. Ukiwasha injini mpya ya baridi ukaivuta hapohapo, pistoni inapata moto na kutanuka wakati silinda bado haijafunguka, basi inabana. Hapo ongeza uzito wa watu wawili na akseleta imezungushwa mpaka mwisho. Hakuna muujiza, lazima inoki.

Na injini hii si kama ya pikipiki za bodaboda, oili yake ya chini ni ya gia na klachi tu. Oili inayolainisha kranki, pistoni na ringi ni ileile iliyochanganywa kwenye petroli. Ndiyo maana ukiwa unateremka kwa kasi huku umefunga mafuta kabisa, unaikausha injini. Unatakiwa ubane klachi au uguse mafuta kidogokidogo ipate kunywa.

Sasa ngoja niwape utetezi wake, maana ndio ulionichoma zaidi. Kwanza kasema oili ni feki. Oili ile kainunua yeye, kaichanganya yeye. Nikamuuliza umeweka kiasi gani? Anasema "nimezidisha, injini mpya inataka nyingi." Jamani! PX inataka asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Kipindi cha mwanzo wengine wanaipandisha mpaka 30, hilo sina ugomvi nalo. Lakini ukimimina kwa kukisia, kila tone la oili linalozidi linachukua nafasi ya petroli inayopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta. Petroli ikipungua hewa inazidi, na injini inachemka. Anayezidisha hovyo anaamini anailinda, kumbe anaichoma.

Halafu nikaangalia gasketi ya chini ya silinda. Ni ya zamani! Kairudisha ileile. Hapo hewa ikipenya, hesabu yote ya kabureta imeharibika.

Nikapitisha kidole kwenye matundu ya silinda, yale ya kupitishia mchanganyiko na moshi, kingo ni kali, zinakata. Baada ya kuchonga, kingo zile zinatakiwa zipigwe tupa laini kidogo, vinginevyo ringi inajigonga kila inapopita. Hakuna aliyegusa, si mchongaji wala fundi, na kila mmoja anasema ni kazi ya mwenzake.

Dawa aliyonipa ni msasa. Tusugue pistoni, tusugue silinda, tufunge, "itajipanga yenyewe mbele ya safari." Nimekataa. Injini iliyoshika mara moja kwa namna hii itashika tena, na safari hiyo gurudumu la nyuma linafunga ghafla uko mwendo mkali, daladala iko nyuma yako. Aliyewahi kufungiwa gurudumu anajua sekunde ile usipowahi klachi unalala chini.

Na kinachouma si pistoni, pistoni inanunuliwa. Silinda hii ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Saizi za kuchonga ni 58.0, 58.2, 58.4, basi. Chuma kilichotolewa hakirudi. Hatua moja imeliwa kwa safari moja ya Bububu ambayo sikuituma.

Kuizoesha injini hii si siri ya wazungu. Unaiwasha, unaiacha dakika chache ipate joto, unazima, inapoa kabisa, unakaza nati za hed kwa kukatiza. Unatoka peke yako, hupakii mtu. Takribani kilomita 500 za mwanzo huvuti akseleta zaidi ya robo tatu, mwendo unabadilisha, unapanda na kushuka, huiachi injini ikanguruma gia ya nne haina nguvu. Na wale wanaoiacha sailensa, inawaka bila kutembea, saa nzima uani nao waache, ringi zinataka mzigo kidogo ndiyo zikae kwenye silinda. Ukifika, unatoa plagi unaitazama rangi: kahawia ni nzuri, nyeupe simama.

Nimemwambia ninachotaka: gharama ya kuchonga 58.2, pistoni na ringi zake, gasketi mpya, vyote juu yake. Anasema atalipa nusu. Nusu sipokei. Silinda na pistoni nimeondoka navyo, vipo kwangu, na injini iliyobaki nakwenda kuichukua kesho na shahidi.

Mwenye kumjua mchongaji anayepima kwa maikromita kabla na baada, na kusafisha kingo za matundu mwenyewe, awe Unguja au Dar, anielekeze hapahapa. Kama na wewe Vespa yako imerudi hivi kutoka kwa fundi, weka picha ya pistoni tuione.