Sheria za maudhi ya kila siku: zipi zina sababu ya kweli?

Swali: Wadau, nakusanya zile sheria za utani: mkate huangukia upande wa siagi, foleni ya jirani huenda kasi, waya wa hedifoni hujifunga mafundo mfukoni. Zipi zina maelezo ya kisayansi, na dawa yake ni nini?

Jibu 1: Ya mkate ni fizikia tupu, mkuu. Mwanafizikia Robert Matthews aliichambua mwaka 1995. Kipande kikivuka ukingo wa meza huanza kupinduka polepole. Meza ina kimo cha sentimita 75 hivi, basi kinafika chini baada ya sekunde 0.4, muda wa nusu mzunguko tu. Siagi si sababu, uzito wake ni mdogo mno. Kwenye meza ya mita 3 kingemaliza mzunguko mzima! Ukiona kinateleza, kisukume kwa kasi kuelekea mbele. Hakitapata muda wa kupinduka.

Jibu 2: Foleni zikiwa 3, uwezekano wa kuangukia iliyo ya kasi ni 1 kwa 3. Dawa ni foleni moja inayohudumiwa na madirisha yote, kama benki zinazogawa namba. Mameneja wa maduka waige, tafadhali.

Jibu 3: Kuhusu waya, watafiti Raymer na Smith walizungusha kamba ndani ya kasha mwaka 2007: zilizo fupi kuliko sentimita 46 hazikufunga fundo, ndefu mara nyingi zilifunga ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo waya wa mita 1.2 ukunje mara nne, ubane katikati kwa rababendi.

Muuliza swali: Asanteni sana. Na ya mvua kunyesha ukishaanika nguo?