Bembelezi iliyowekewa biti ya amapiano: je, nilimpa alama kwa haki?

Jaji wa Upanga (mwanzisha mada):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo yenu juu ya jambo lililoninyima raha tangu Jumamosi. Nilialikwa kuwa mmoja wa majaji watatu katika mashindano madogo ya waimbaji wa jukwaani, kwenye ukumbi mmoja hapa Upanga, ambapo kila mshiriki alitakiwa kuchagua wimbo wa zamani kutoka tamthilia ya muziki na kuuimba kwa namna ya leo. Binti mmoja, ambaye ameigiza na kuimba kwa miaka kadhaa, alichagua "Summertime", wimbo ambao George Gershwin aliutungia opera yake ya Porgy and Bess, iliyofunguliwa New York mwaka 1935. Aliingia na kanga aliyoikunja mikononi kama mtoto mchanga, akaimba mistari miwili ya mwanzo bila ala yoyote, kisha ikaingia biti ya amapiano na besi yake ile nzito, na kuanzia hapo hakuna aliyebaki amekaa kitini.

Mimi nilimpa 58 kati ya 100. Mwenzangu wa kulia alimpa 86. Karatasi yetu ilikuwa na sauti alama 40, tafsiri ya wimbo 30, ubunifu 20 na umiliki wa jukwaa 10. Kwenye sauti nilimpa 25, ubunifu 17 na jukwaa 7. Nilipomkata hasa ni kwenye tafsiri, ambako nilimpa 9 tu. Sababu yangu ni kwamba huu ni wimbo wa kubembelezea mtoto, na sijapata kuona mama anayemlaza mwanawe kwa amapiano. Baada ya matokeo, mmoja wa waandaaji alinieleza mbele za watu kwamba nina masikio ya kizee. Hilo nimelimeza. Ninalotaka kujua ni kama sababu yangu ilikuwa sahihi.

Mwalimu wa Kwaya, Kinondoni:

Ndugu Jaji, alama zako huenda zikatetewa, lakini sababu yako haitoshi. Wimbo ule haujawahi kuwa bembelezi ya kawaida. Maneno yake yanamweleza mtoto kwamba maisha ni mepesi, kwamba baba ni tajiri na mama ni mzuri, na kwamba hakuna cha kumdhuru maadamu wazazi wake wako karibu. Lakini lahani yenyewe iko katika maina, yaani ngazi ya noti yenye sauti ya huzuni, na ala chini yake zinapishana akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mbili mbili, huku na huku, kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto huku mawazo yake yako kwingine. Sasa fuata kisa. Anayeuimba mwanzoni ni Clara, mke wa mvuvi. Mumewe, Jake, anakwenda baharini, kimbunga kinampata, Clara anatoka kumtafuta na yeye pia harudi. Mtoto anabaki mikononi mwa Bess, naye Bess anamwimbia wimbo uleule, wakati kila aliyeko ukumbini anajua kwamba ile ahadi ya wazazi kuwa karibu imekwisha kuvunjika.

Kwa hiyo swali la tafsiri si kama mtoto angelala. Swali ni kama msikilizaji aliisikia hofu iliyo chini ya maneno matamu. Mwimbaji akiifanya hofu hiyo isikike kwa zeze, kwa tarumbeta au kwa besi ya amapiano, ameutafsiri wimbo. Akiimba kwa furaha mwanzo mpaka mwisho, hata akisindikizwa na okestra kamili iliyovaa suti, hajautafsiri.

Kwenye sauti ndiko ningekuwa mkali. Wimbo unaanza kwa mi-do-mi, noti tatu tu, na ile ya kwanza imewekwa juu, kwa soprano, ile sauti ya juu ya kike, ikae peke yake na kung'aa. Waimbaji wengi wa leo hushusha ufunguo, yaani wimbo mzima huuanzia chini zaidi, ili waimbe kwa sauti ya kifua. Kushusha si kosa, ila ule wepesi wa juu unapotea, na mwimbaji anapaswa kuuleta kwa njia nyingine. Tatizo ni kwamba wengi hujaza nafasi hiyo kwa madoido: noti moja inageuka noti tisa, na ile mi maskini haipati hata sekunde moja ya kusimama. Je, binti huyu alifanya hivyo?

Mtayarishaji wa Sinza:

Mwalimu amesema vizuri, lakini naomba nimtetee binti kwa upande wa mapigo, kwa kuwa hilo ndilo ninalolifanya kila siku studio. Watu wakisikia amapiano wanafikiria kucheza, wakati kwa kweli ni muziki wa mwendo wa taratibu. Hutembea kwenye mapigo 110 hadi 115 hivi kwa dakika, na mwili wa msikilizaji mara nyingi hufuata nusu yake, yaani 56 hivi. Mchukue mama yeyote wa Manzese anayempigapiga mtoto mgongoni ili alale, uhesabu. Hutakuwa mbali na hapo. Kama angeuweka kwenye singeli, inayopita 200 bila shida, ningekuwa upande wa Jaji moja kwa moja.

Tena tusisahau kwamba wimbo huu umekuwa ukibadilishwa tangu ulipozaliwa. Billie Holiday aliurekodi mwaka 1936, kabla opera haijatimiza hata mwaka mmoja, na hakuuimba kama Clara hata kidogo. Miles Davis aliupiga kwa tarumbeta mwaka 1958 bila neno lolote. Janis Joplin mwaka 1968 aliupasua kwa sauti ya kukwaruza na magitaa yanayolia. Hata Broadway kwenyewe, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, walipoirudisha kazi hii mwaka 2012, waliufanya uwe wa watu wawili, Clara na Jake wakipokezana. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Stephen Sondheim, ambaye hakuna wa kumfundisha tamthilia ya muziki, alikuwa ameandikia gazeti la New York Times barua ya kulalamikia mabadiliko yaliyokuwa yakipangwa. Hata hivyo onyesho lilipata tuzo ya Tony kama urejesho bora wa tamthilia ya muziki, na Audra McDonald aliyeigiza Bess akapata yake.

Nitakachomlaumu binti, au pengine fundi mitambo wake, ni hiyo besi. Katika kumbi zetu nyingi spika za besi hupangwa mbele ya jukwaa kama magunia ya mkaa, na mwimbaji anayeshuka chini mwishoni mwa mstari humezwa. Jaji, ulisikia maneno ya mwisho ya kila mstari? Kama hukuyasikia, kosa hilo si la ubunifu wala la tafsiri, na sijui karatasi yenu ililiweka wapi.

Mama wa Temeke:

Mimi nilikuwepo, safu ya tatu upande wa dirishani, na nashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyeitaja kanga. Ubeti wa pili, pale maneno yanapomwambia mtoto kwamba asubuhi moja ataamka akiimba, atanyoosha mbawa na kuruka, biti ilikatwa ghafla. Binti akasimama. Akaishika ile kanga kwa pindo mbili na kuikung'uta, ikafunguka yote, na ndani hamna kitu. Akaitazama kidogo, kisha akajitanda kichwani kama mtu anayekwenda msibani, na mistari iliyobaki akaiimba hivyo. Jina la kanga sikulisoma, nilikuwa mbali kidogo, lakini mzee aliyekaa jirani yangu alivua kofia. Nikaangalia meza ya majaji: wote watatu mlikuwa mmeinamia karatasi mnaandika.

Bi Kidude alipoimba nyimbo za Siti binti Saad hakujaribu kuwa Siti. Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, na Bi Kidude alikuja na sauti yake nzito na ngoma yake, akaziimba kama mtu aliyeishi yaliyomo. Hatukumdai afanane.

Mwalimu wa Kwaya, Kinondoni:

Dada wa Temeke, umenigusa, lakini naomba nishike msimamo wangu kidogo. Kanga ni tendo la jukwaani. Inahesabika kwenye zile alama 10 za mwisho. Mtu asiyeona, aliyekaa nyuma ya ukumbi, je, naye aliusikia msiba huo? Kama sauti haikubadilika pale kanga ilipofunguka, basi ni mwigizaji aliyetafsiri, mwimbaji bado. Ndugu Jaji, kama kuna rekodi, isikilize ukiwa umefumba macho.

Jaji wa Upanga (mwanzisha mada):

Ahsanteni sana. Mama wa Temeke ana haki ya kunisuta: nilikuwa nimeinama nikijumlisha alama za mshiriki aliyetangulia, kwa mwanga wa simu. Kanga ikifunguliwa sikuiona.

Jana usiku mwenzangu alinitumia rekodi ya simu, nami nikaisikiliza mara tatu kama Mwalimu alivyoelekeza, simu nikiwa nimeilaza kifudifudi. Ubeti wa kwanza ni madoido matupu, na ile mi ya mwanzo kweli haikupata nafasi. Alama 25 za sauti zinabaki palepale. Maneno ya mwisho ya mistari mitatu sikuyasikia kabisa, besi imeyafunika. Lakini ubeti wa pili, biti inapokatika, sauti inabadilika. Madoido yanakwisha, anaimba noti moja kwa silabi moja, kavu, bila mtetemo, na noti ya mwisho anaiachia ikiwa nyembamba kiasi kwamba unasikia feni ya ukumbi inavyozunguka. Hapo Mwalimu angesikia hata akiwa nyuma ya mlango.

Tafsiri ningempa 20 badala ya 9, na jukwaa 9 badala ya 7, jumla 71. Bado sifiki 86 ya mwenzangu, na nimemweleza kwa nini. Kwa hesabu hiyo binti anabaki nafasi ya pili, maana wa kwanza alimwacha mbali, lakini nimewaomba waandaaji wamfikishie maelezo yangu kwa maandishi, pamoja na lile la noti ya kwanza. Nimewaomba pia kwamba mwakani meza ya majaji iwekewe taa, na karatasi zijazwe baada ya mwimbaji kushuka jukwaani.