Kikundi cha aina za tabia Malindi, nani kawapa ruhusa ya kuchuja watu kazini?

Wadau, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie kwanza.

Binti wa dada yangu aliomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Kiitaliano kinamtoka kama maji, kakiokota ufukweni tangu mdogo akimsaidia mamake kuuza vinyago. Vyeti anavyo. Usaili wa kwanza kapita. Wa pili akapewa karatasi ya maswali ya tabia: ukikutana na wageni, waanza wewe mazungumzo au wangoja uanzwe? Wapenda mkusanyiko au kukaa peke yako? Akajibu kwa ukweli wake. Baadaye akaambiwa yeye ni herufi I, mtu wa ndani, mapokezi hayamfai. Hicho Kiitaliano hakuna hata aliyemuuliza.

Na aliyeisimamia karatasi ile ni mwenzetu wa kikundi, hiki chetu cha kujadili aina za tabia za Myers-Briggs (MBTI), jaribio la maswali linalompa mtu herufi nne za tabia yake. Nasema mwenzetu kwa sababu nami nahudhuria vikao, naipenda nadharia hii, imenisaidia kuelewana na watu wa nyumbani kwangu. Ndiyo maana yaniuma hivi.

Tumeisoma historia yake sote. Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers walianza kulitengeneza jaribio hili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wa Marekani walipokuwa wakiingia kazini kwa wingi, ili mtu ajijue na achague kazi itakayomkaa. Taasisi iliyobeba jina lao inasema waziwazi kwamba kuchuja waombaji kazi kwa jaribio hili ni kinyume cha maadili. Mlilisikia hilo kikaoni, mkaitikia kwa vichwa. Hata Carl Jung, yule mwanasaikolojia wa Uswisi ambaye kitabu chake cha 1921 ndicho chimbuko la yote haya, alisema hakuna mtu aliye wa ndani mtupu wala wa nje mtupu.

Halafu hayo maswali! Msichana wa hapa aliyelelewa na bibi yake hufunzwa kumwamkia mkubwa shikamoo kisha angoje aulizwe. Mkimkalisha mbele ya watu wazima watatu na makaratasi yao, atajibu kwa sauti ya chini, macho mezani. Hiyo ni adabu. Mwendeeni kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, mumwone: yeye ndiye anayeanzisha nyimbo, na wanawake wa makamo ya mamake humfuata. Karatasi yenu imepima malezi ya mtoto, ikayaita kasoro.

Tena herufi zenyewe hazitulii. Utafiti umeonyesha kwamba wengi wakirudia jaribio wiki chache baadaye hutoka na aina nyingine. Mimi mwenyewe nilikuwa T, mtu wa kuamua kwa hoja, sasa ni F, mtu wa kuamua kwa hisia. Riziki ya mtu mwaitundikaje kwenye kitu kinachohama namna hiyo?

Namtaka mwenzetu huyo ajibu hapa hapa, mbele ya watu. Hoteli inamlipa kiasi gani? Ni watoto wangapi amewapitisha kwenye karatasi ile, na viongozi wa kikundi walijua? Na mzazi yeyote wa Malindi, Watamu au Mambrui ambaye mwanawe alinyimwa kazi kwa njia hii, tafadhali aandike hapa chini tujuane, twende pamoja ofisi ya leba.