Kwa nini jirani yangu alipiga kura Septemba nami nikaambiwa sihusiki? (Minnesota)

Mkaazi wa Brooklyn Park:

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nimepata uraia wa Marekani mwaka huu na ninaishi Brooklyn Park, Minnesota. Tarehe 16 Septemba 2025 rafiki yangu anayeishi mitaa michache kutoka kwangu alikwenda kumpigia kura mrithi wa marehemu Melissa Hortman katika bunge la jimbo, nami nilipoulizia nikajibiwa kwamba uchaguzi ule haunihusu, ingawa mji wetu ni mmoja na meya wetu ni mmoja. Zaidi ya hapo, wengine huniambia mbunge wangu ni Huldah Momanyi Hiltsley, wengine husema ni Kelly Morrison. Ni yupi? Na kwa nini Al Franken alipojiuzulu Seneti ya Marekani gavana alimteua mtu wa kushika nafasi yake, ilhali kiti cha Hortman kilisubiri kura?

Karani wa Kituo:

Wote wawili ni wabunge wako, ila wanakaa katika mabunge tofauti. Bi. Morrison anaketi Washington kwa niaba ya eneo la tatu kati ya maeneo 8 ambayo Minnesota imegawiwa katika Bunge la Wawakilishi la Marekani. Bi. Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya aliyechaguliwa Novemba 2024, anaketi St. Paul, makao makuu ya jimbo, katika bunge la jimbo, akiwakilisha eneo la 38A.

Herufi hiyo ndiyo jibu la swali lako la kwanza. Jimbo zima limekatwa katika maeneo 67 ya Seneti ya jimbo, na kila moja limepasuliwa vipande viwili, A na B, ili kupata wawakilishi 134. Hortman alikuwa wa 34B, ambalo limemega sehemu moja ya Brooklyn Park. Wewe uko 38A, ambalo limemega sehemu nyingine. Mipaka hiyo ilitangazwa Februari 2022 na jopo la majaji, kwa kuwa bunge lilishindwa kuafikiana, jambo ambalo Minnesota limekuwa kama desturi, na kwa maoni yangu ni afadhali majaji kuliko wanasiasa wanaojichorea wapiga kura wao.

Tena ilikuwa nusura maeneo yetu ya Washington yabaki 7. Katika sensa ya 2020 Minnesota ilipata kiti cha mwisho kabisa kati ya vile 435, na New York ikapoteza kiti kwa upungufu wa watu 89 tu. Wanaowakwepa makarani wa sensa walikumbuke hilo.

Msomaji wa Katiba:

Nijibu la Franken. Katiba ya Marekani hairuhusu mtu yeyote kuteuliwa kuwa mjumbe wa Bunge la Wawakilishi. Nafasi ikiwa wazi, gavana hutoa hati ya kuitisha uchaguzi, basi, na ndivyo ilivyo pia kwa bunge la jimbo la Minnesota alimokuwa Hortman. Kwa Seneti, Marekebisho ya 17 ya mwaka 1913 yaliyakabidhi mabunge ya majimbo uwezo wa kumruhusu gavana ateue mtu wa kushikilia kiti hadi wananchi wapige kura. Ndiyo maana Franken alipoondoka Januari 2018, Gavana Mark Dayton alimteua naibu wake, Tina Smith, naye akalazimika kukitetea kiti hicho katika uchaguzi mdogo wa Novemba mwaka huohuo, akashinda.

Uteuzi huo uliacha pengo lingine. Kwa katiba ya Minnesota, nafasi ya naibu gavana ikiwa wazi huchukuliwa na rais wa Seneti ya jimbo, ambaye wakati huo alikuwa Michelle Fischbach wa Republican. Akajikuta naibu wa gavana wa chama pinzani, akavutana na wapinzani wake kwa miezi kuhusu kama angeweza kushika vyeo vyote viwili, na mwishowe akajiuzulu useneta wa jimbo. Leo yuko Washington akiwakilisha eneo la saba.

Wapiga kura wa huku hawapendi uteuzi unaonuka hila. Walter Mondale alipochaguliwa kuwa Makamu wa Rais mwaka 1976, Gavana Wendell Anderson alijiuzulu ili naibu wake, Rudy Perpich, apande kuwa gavana na kumteua yeye Anderson kuwa seneta. Mwaka 1978 wananchi waliwaangusha wote wawili siku moja, na kiti cha pili cha Seneti, kilichoachwa wazi na kifo cha Hubert Humphrey, nacho kikaenda kwa Republican katika uchaguzi mdogo.

Mzee wa Rochester:

Mnaolalamikia mipaka hamkuyaona ya huku kusini. Mbunge wetu wa eneo la kwanza, Jim Hagedorn, alifariki Februari 2022, siku chache tu baada ya mipaka mipya kutangazwa. Uchaguzi wa kumalizia muhula wake ulifanyika tarehe 9 Agosti kwa mipaka ya zamani, na siku hiyohiyo ikafanyika kura ya mchujo ya muhula unaofuata kwa mipaka mipya. Kwa hiyo kulikuwa na watu waliomchagua mbunge wa eneo la kwanza na, kituoni hapohapo, wakachuja wagombea wa eneo jingine. Brad Finstad wa Republican alimshinda Jeff Ettinger wa DFL, yaani Democratic wa Minnesota, na bado yupo.

Mfuatiliaji wa Nairobi:

Mshukuru Mungu kwa hizo hati za gavana. Hortman aliuawa tarehe 14 Juni na kiti chake kilijazwa baada ya miezi mitatu. Kwetu katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90, lakini Banissa, iliyofiwa na mbunge wake Machi 2023, ilisubiri hadi Novemba 2025 kwa sababu tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna.

Karani wa Kituo:

Ndugu wa Nairobi, haraka nayo ina adhabu yake. Uchaguzi wa 2024 ulikipa kila chama wawakilishi 67 St. Paul. Kisha mshindi wa 40B, wa DFL, akaondoka baada ya jaji kuamua kwamba hakuwa mkaazi wa eneo hilo. Gavana Walz aliitisha uchaguzi mdogo Januari 28, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hati imetolewa kabla ya wakati wake, na kura ikasogezwa hadi Machi 11. Katikati ya hapo Republican walikuwa 67 kwa 66, wabunge wa DFL wakasusia vikao hadi mwanzoni mwa Februari, na mapatano yakampa Lisa Demuth wa Republican uspika. Kiti kimoja kilipochelewa, uspika ukaenda nacho. Kura ya Septemba ya 34B, aliyoshinda Xp Lee wa DFL, ndiyo iliyorudisha sare ya 67 kwa 67 iliyovunjwa tena na kifo cha Hortman.

Mkaazi wa Brooklyn Park:

Nashukuru sana. Nasikia Januari 2026 kuna uchaguzi mdogo mwingine. Je, huo unanihusu?

Karani wa Kituo:

Hapana. Huo ni wa 47A, ambalo mwakilishi wake ameshinda kiti cha Seneti ya jimbo, na 64A, ambalo mwakilishi wake amechaguliwa kuwa meya wa St. Paul. Zamu yako ni Novemba 2026: gavana, 38A, Seneti ya jimbo, eneo la tatu la Washington, na kiti cha Tina Smith, ambaye alitangaza kwamba hatagombea tena. Usipowahi kujiandikisha mapema, Minnesota huandikisha siku yenyewe ya kura. Ukikosa hati ya makazi, mpiga kura aliyeandikishwa katika kituo chako anaweza kukudhamini kwa kiapo, naye haruhusiwi kudhamini zaidi ya watu 8. Rafiki yako wa 34B hataweza kukudhamini, kwa hiyo tafuta jirani wa karibu zaidi.