Mafundi wa gita Nairobi, nani aliwaambia kila kelele inatibiwa kwa kukaza shingo?

Wadau, leo siji na salamu ndefu. Nimetoka kuchukua besi yangu, gita la nyuzi nne nene, kwa fundi mmoja hapo mjini na damu inachemka. Mwenye haraka apite, bandiko hili si fupi.

Kazi niliyompa ilikuwa ndogo. Kigingi cha uzi wa E, kile cha kichwani unachozungusha kukaza uzi, kilikuwa kinacheza. Ukikishika kwa vidole viwili kinayumba, na sauti inashuka katikati ya wimbo mpaka mpiga kinanda anageuka kukuangalia kama umemkopa. Cha A nacho kilikuwa kimeanza tabia hiyo. Nikamwambia avikaze, halafu aitazame shingo, maana nyuzi nilikuwa naziona ziko juu kidogo. Basi. Ningefanya mwenyewe, lakini Jumamosi tulikuwa na harusi ya kupiga huko Umoja na Jumapili kanisani, muda haukuwepo.

Jamaa hata hakugeuza kichwa cha gita aone nyuma. "Bosi, hivi vigingi vimekufa. Hii ni ya Mchina, haiwezi kushika tuni. Tuweke vipya." Shilingi 4,500 pamoja na kazi, nusu nitangulize. Sawa, nikatuma.

Sasa sikilizeni nilichorudishiwa.

Vigingi vipya bati lake ni dogo kuliko la vile vya zamani, kwa hivyo matundu ya skrubu hayalingani. Suluhisho lake? Akatoboa mengine kando ya yale ya kwanza, karibu kiasi kwamba kati ya tundu na tundu umebaki ukuta wa mbao ambao njiti ya meno ni nene kuliko huo. Skrubu mbili hazipo kabisa. Zile pete za chuma zinazokaa upande wa mbele, ambapo nguzo ya kigingi inapita, ni za kipenyo kingine, kwa hivyo nguzo inacheza ndani ya tundu. Yaani nimelipa ili vigingi viwili vilivyokuwa vinayumba viwe vinne vinavyoyumba.

Hapo ningenyamaza. Kilichoniua ni shingo.

Nikapiga uzi wa E wazi, ukakoroma. Freti ya kwanza, yaani kile chuma cha kwanza kilichokata ubao wa shingo ukitoka kichwani, ukakoroma. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo, halafu ukipanda juu mkoromo unaisha. Anayejua besi ashaelewa. Nikaiinua usawa wa jicho nikatazama ubao kutoka kichwani kuelekea kwenye mwili: shingo imepinda kwenda nyuma. Jamaa ameikaza rodi, ule mtaimbo wa chuma ulio ndani ya shingo, mpaka ikagoma, na alipoona nyuzi zinang'ata freti za mwanzo akapandisha vikalio vya daraja, pale nyuzi zinapolala upande wa mwili, kuficha aibu. Kwenye freti ya 17 sasa nyuzi ziko mm 5 juu. Kwa besi ya aina hii unatarajia kati ya mm 2 na 3. Vidole vyangu vitajenga misuli ya mpiga ngumi.

Na hii ndiyo hasira yangu hasa, kwa sababu si yeye peke yake. Nimeongea na wapiga gita wengi wa hapa na hadithi ni moja: gita likikoroma, fundi anachukua spana ya aleni na kukaza. Hapimi. Haulizi inakoroma wapi. Rodi kwake ni boliti ya gurudumu.

Ndugu fundi, hiyo rodi haikuja jana. Gibson walipewa hataza yake 1923. Iko pale kwa sababu nyuzi nne za kawaida, za unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi), zikifika tuni zinavuta shingo kwa jumla ya kilo 80 hivi, karibu gunia la mahindi. Rodi inavuta upande wa pili. Ukiikaza, yaani kugeuza kulia ukiwa umeitazama nati yake, shingo inanyooka, na ukizidisha inapinda nyuma. Ukiilegeza, nyuzi zinaivuta mbele. Na shingo haitakiwi kunyooka kama rula! Uzi wa besi ukitetemeka unahitaji nafasi, kwa hivyo unaacha bonde dogo sana katikati.

Dogo kiasi gani? Tyuni kwanza mpaka kila uzi ufike mahali pake, maana kupima shingo ya gita ambalo nyuzi zimelegea ni kujidanganya. Bana freti ya kwanza, kwa kapo (kile kibanio cha shingo) au kwa kidole cha mtu, kisha bonyeza freti ya mwisho. Uzi sasa ndio rula yako. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Mm 0.3 hadi 0.35 inatosha kwa besi nyingi. Kipimo chake ni fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ileile ambayo makanika anarekebishia vali. Ukienda Kirinyaga Road kwenye spea za magari utaipata. Fundi wa gari anayo, fundi wa gita hana!

Halafu unageuza robo mzunguko. Robo. Unatyuni tena, unapima tena, unaiacha kidogo mbao izoee. Kama inagoma, unasimama. Urefu wa nyuzi unarekebishwa kwenye daraja baada ya shingo kukaa sawa, si kabla. Kwa wenzetu wa huku juu, kiangazi cha Januari na Februari kinapoisha masika yakaingia, mbao inasogea na utarudia zoezi hili, hakuna ajabu. Hasa kama besi inalala kanisani chini ya mabati wiki nzima.

Tena ajabu nyingine: tundu la nati ya rodi limeanza kuviringika. Besi nyingi za Asia zinatumia aleni ya mm 4 au 5, za Marekani mara nyingi inchi 3/16, ambayo ni mm 4.76. Yangu ni mm 5. Huyu alilazimisha ya 4.5, na alama ziko wazi. Pembe za hiyo nati zikiisha, kuitoa ni kazi ya kutoboa, na shingo yenyewe iko hatarini. Nimeirudisha robo kwa spana inayotoshea barabara, ikakubali, na mlio umepungua. Robo nyingine nitaigusa kesho.

Kuhusu vigingi, niwaambie mngeokoa pesa zenu wapi. Geuza kichwa, utaona skrubu nne ndogo zinazoshika bati, na moja katikati ya gurudumu la meno. Gurudumu likicheza, kaza hiyo ya katikati kwa bisibisi, pole pole. Bati likicheza, kaza zile nne. Skrubu ikizunguka bila kushika, tundu limelika: paka njiti za kiberiti gundi ya mbao, jaza tundu, acha ikauke usiku kucha, kata zinazochomoza, rudisha skrubu. Na kama bado tuni inashuka, angalia uzi umezungushwa mara ngapi kwenye nguzo. Mara mbili au tatu kuelekea chini ni sawa. Ukiukata mfupi ukazunguka nusu, utateleza na utalaumu Mchina wa watu. Pia tyuni ukipanda kuelekea noti, usishuke ukaishia hapo, maana meno yana ulegevu kidogo unaotulia ukipanda.

Dakika ishirini, kiberiti na gundi. Ndiyo kazi iliyogeuka 4,500.

Na tafadhali msinijibu "nunua Fender ya ukweli". Skrubu za Fender nazo hulegea, na huyu jamaa angeitoboa vilevile. Wala msiniambie mafundi wanajitafutia. Mimi pia najitafutia kwa hiyo besi, na nikipiga noti mbovu harusini silipwi.

Ninachouliza: kuna fundi Nairobi ambaye mmemwona kwa macho yenu akipima shingo kabla ya kushika spana? Si binamu yako, si "jamaa mmoja mnoma". Mliyemwona. Nina matundu ya kuziba na kutoboa upya, na hiyo nataka mtu mwenye mkono mtulivu kuliko wangu.

Na wewe uliyenifanyia hivi, najua uko humu kwa sababu ulinionyesha simu ukisoma. Vile vigingi vinne vya zamani ulivyosema vimekufa sikupewa. Ni vyangu. Navitaka vyote, na skrubu zake.